Maswali ya Wasomaji: B.B. King Katika Ukumbi wa Regal

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpenzi wa muziki wa dansi tangu utotoni. Marehemu baba yangu alikuwa na santuri za Morogoro Jazz, na gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe ndilo lililonifunza kutega sikio. Hivi karibuni mwanangu ameniletea albamu ya bluzi ya Mmarekani B.B. King, iitwayo Live at the Regal, akaniambia kwamba wapiga gitaa wengi duniani wanaihesabu kuwa shule yao. Nimeisikiliza mara tatu kwa subira. Ninachosikia ni nyimbo zinazokaribiana mno, watu wanaopiga mayowe kila baada ya muda mfupi, na gitaa ambalo, badala ya kutiririka, linapiga noti chache kisha linanyamaza. Je, utamu wake uko wapi, au ni sifa za watu wa mbali tu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu wa Morogoro, nimefurahi kwamba umeuliza baada ya kusikiliza mara tatu, kwa kuwa hayo unayoyataja kama kasoro umeyasikia sawasawa kabisa. Gitaa hilo kweli hunyamaza, watu kweli hupiga mayowe, na nyimbo kweli zinakaribiana. Naomba tu tuyarudie, maana kwa maoni yangu utamu wa albamu hii umo humohumo.

Albamu hii ilirekodiwa jukwaani tarehe 21 Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, upande wa kusini wa jiji la Chicago, ikatolewa mwaka uliofuata na kampuni ya ABC-Paramount, mtayarishaji akiwa Johnny Pate. Ina nyimbo 10 na haifiki hata dakika 40. King alikuwa na umri wa miaka 39. Nyuma yake walikuwepo Sonny Freeman kwenye ngoma, Leo Lauchie kwenye besi, Duke Jethro kwenye piano, Kenneth Sands kwenye tarumbeta, na Johnny Board pamoja na Bobby Forte kwenye saksafoni. Utaona kwamba katika kundi hilo hakuna mpiga gitaa wa pili. Kwa sikio lililolelewa na dansi, ambako gitaa la ridhimu na gitaa la solo husukana tangu wimbo unapoanza mpaka kwenye chemko, pengo hilo ni kubwa, na nadhani ndilo lililokusumbua hata kabla hujajua kwamba linakusumbua.

King alikiri mara nyingi maishani mwake kwamba hakuweza kuimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja. Mtu mwingine angeuficha udhaifu huo. Yeye aliujengea nyumba. Anapoimba, mkono wake hupumzika, na anapofika mwisho wa mstari gitaa humjibu, mara kwa kumkubalia, mara kwa kumalizia lile ambalo mdomo umeliacha katikati. Kwa hiyo usimsikilize kama mwimbaji anayejisindikiza kwa gitaa. Wasikilize kama watu wawili wanaozungumza kwa adabu, ambao hakuna anayemkatiza mwenzake, na hapo ule ukimya uliokuudhi utausikia kuwa ni ukimya wa mtu anayemsubiri mwenzake amalize kusema.

Gitaa lina sauti ya mtu kwa sababu mwenyewe alilitafutia sauti hiyo kwa miaka. Jina lake la kuzaliwa ni Riley B. King, na alizaliwa mwaka 1925 karibu na Itta Bena, katika nchi ya mashamba ya pamba ya jimbo la Mississippi. Ndugu wa upande wa mama yake, Bukka White, alikuwa bingwa wa kupiga gitaa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, hata nyuzi zikalia kama mtu. King aliutamani ufundi huo lakini vidole vyake havikuumudu, ndipo akabuni njia yake: hukandamiza uzi kwa ncha ya kidole kimoja, huachia vidole vingine vyote hewani, kisha hutikisa kiganja kizima kwa kasi kama bawa la kipepeo, na noti iliyotoka imenyooka huanza kutetemeka kama sauti ya mtu ambaye machozi yamemfika kooni. Mara nyingine huusukuma uzi pembeni ili sauti ipande taratibu, ikaribie mahali pake, isite kidogo, ndipo ifike. Mwimbaji yeyote mzuri hufanya hivyohivyo kwa koo lake.

Hapo ndipo umeme unapoingia, nao haukuwekwa kwa ajili ya kelele. Katika gitaa kavu noti hufa upesi, na mpigaji hulazimika kuupiga uzi tena na tena ili muziki usikatike. Katika gitaa la umeme, sumaku na waya uliozungushwa chini ya nyuzi hunasa mtikisiko mdogo sana na kuupeleka kwenye amplifaya, nayo huukuza, hivyo noti moja iliyopigwa vizuri huweza kuishi hewani muda mrefu wa kutosha kutetemeshwa, kupandishwa na kushushwa. T-Bone Walker, fundi kutoka Texas ambaye King alimhusudu waziwazi, alikuwa tayari ameonyesha kwamba gitaa la namna hiyo linaweza kusimama mbele ya tarumbeta na saksafoni bila kumezwa. King aliuchukua uwezo huo akautumia kupunguza idadi ya noti. Mtu mwenye noti inayodumu hana haja ya noti 20.

Kuhusu nyimbo kufanana, sitakaa sana, kwa sababu wewe ni Mswahili na jambo hili unalijua kupitia mashairi. Sehemu kubwa ya bluzi hutembea katika mzunguko wa vipimo 12, kila kipimo kikiwa na mapigo manne, na maneno yake kwa kawaida ni mstari mmoja unaosemwa, unaorudiwa, kisha unaojibiwa na mstari wa tatu. Hakuna anayelalamika kwamba mashairi ya tarbia yote yana mistari minne yenye mizani 16, wala hakuna anayempima malenga kwa kubuni umbo jipya kila asubuhi. Umbo linajulikana ili msikilizaji apate kuona ustadi ndani yake. King naye hupimwa kwa kile anachokiweka katika nafasi ambayo kila mtu ukumbini anajua kwamba inakuja.

Na sasa mayowe, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha albamu hii. Baada ya wimbo wa kwanza, Every Day I Have the Blues, ambao bendi huupiga mbiombio kama watu wanaofungua milango, King anazungumza na watu. Anawaambia kwamba sasa anataka kurudi nyuma kuziokota bluzi za zamani, na kwamba wakisikia wanayoikumbuka wamjulishe kwa kupiga kelele. Kwa hiyo mayowe hayo aliyaomba mwenyewe. Fikiria pia walikuwa akina nani. Katika miongo iliyotangulia, mamia ya maelfu ya Wamarekani Weusi walikuwa wamehama majimbo ya Kusini, wengi kwa treni, wakaja Chicago kutafuta kazi na kuukimbia ubaguzi wa kule. Na mtaa uliouzunguka ukumbi wa Regal ulikuwa moyo wa maisha yao katika jiji hilo. Please Love Me ni wimbo aliourekodi mwaka 1953, You Upset Me Baby wa mwaka 1954, Sweet Little Angel wa mwaka 1956. Alipozipiga mwaka 1964, alikuwa akiwarudishia watu wazima ujana wao, na wengine kijiji chao.

Chukua wimbo wa How Blue Can You Get, karibu na mwisho wa upande wa kwanza, uusikilize peke yako ukiwa umetulia. Kuna mahali mwanamume anamhesabia mwanamke mema yote aliyomtendea. Bendi inapiga pigo moja kwa pamoja na kunyamaza, naye anasema: nilikupa gari jipya la Ford, ukataka Cadillac. Pigo, kimya. Nilikununulia chakula cha dola 10, ukanishukuru kwa kitafunio. Pigo, kimya. Nilikuweka katika nyumba ya kifahari juu ya ghorofa, ukaiita kibanda. Kila lalamiko linasimama peke yake bila ala kulifunika, na ukumbi unaanza kuchemka kwa sababu wanaujua wimbo na wanajua kinachofuata. Kisha linakuja: nilikupa watoto saba, na sasa unataka kunirudishia. Ukumbi unalipuka. Sauti za wanawake zinapaa juu ya tarumbeta, na kwa muda muziki wenyewe unazama ndani ya watu. Ukiwahi kukaa katika onyesho la taarabu, mwimbaji akaufikia ubeti ambao kila aliyemo ndani anajua umemlenga nani, watu wakainuka kwenda kutunza, basi sauti hiyo unaijua, na huna haja ya kufasiriwa.

Usikose kuangalia anachokifanya King wakati huo. Mpiga gitaa wa kawaida, akipata shangwe kubwa kiasi hicho, angeirukia kwa noti nyingi ili aonekane kuwa yeye ndiye aliyeisababisha. King huwaachia watu nafasi yao. Mwaka 1956 peke yake alipiga maonyesho 342, na mtu aliyesimama jukwaani usiku 342 katika mwaka mmoja hujifunza kusoma ukumbi kama nahodha anavyosoma upepo. Yeye mwenyewe hakuiona hii kuwa kazi yake bora kupita zote, nami simbishii, kwani katika studio na jukwaani kwingine amewahi kupiga gitaa kwa ufasaha zaidi. Lakini sijasikia rekodi nyingine ya bluzi ambamo mwimbaji, gitaa na watu wanasikilizana kwa usawa kama hapa. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha yake ya mwaka 2005 ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, na naona kwamba hawakukosea.

Kwa mara yako ya nne, nakushauri usisikilize wimbo mmoja mmoja. Anzia Sweet Little Angel, ambao gitaa linautangulia kwa ufunguzi mrefu kabla sauti haijaingia, ukae nao bila kusimamisha mpaka upite It's My Own Fault na ufike How Blue Can You Get, kwa sababu nyimbo hizo tatu zimeunganishwa kama mazungumzo ya jioni moja. Pumzika. Kisha nenda Worry, Worry katika upande wa pili, ambamo gitaa hupewa muda mrefu zaidi, na sauti ya King hupanda mpaka ikawa nyembamba kama ya mwanamke na hata hivyo haikukatika. Wimbo wa mwisho, Help the Poor, wenye mapigo ya namna ya Amerika ya Kusini, kwangu haufikii kiwango cha wenzake, na usipoupenda hutakuwa umepungukiwa na kitu.

SWALI: Nimesikia kwamba gitaa la B.B. King liliitwa Lucille. Je, lilikuwa jina la mkewe? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana. Mwaka 1949, wakati wa baridi, King alikuwa akipiga katika ukumbi wa dansi huko Twist, jimbo la Arkansas, ambako watu walikuwa wakiota moto wa pipa lililotiwa mafuta ya taa. Wanaume wawili walianza kupigana, wakaliangusha pipa, na moto ukatambaa sakafuni. Watu wote walikimbilia nje, King akiwa mmoja wao, kisha akakumbuka kwamba gitaa lake limebaki ndani, akarudi kulichukua na nusura afe. Kesho yake aliambiwa kwamba wale wawili walikuwa wakimgombania mwanamke aitwaye Lucille, aliyekuwa akifanya kazi palepale. Akalipa gitaa lake jina hilo ili limkumbushe asirudie ujinga wa namna hiyo, yaani wa kupigania mwanamke au wa kuingia katika nyumba inayowaka. Magitaa yake yote yaliyofuata aliyaita Lucille, hivyo Lucille si gitaa moja, ni jina lililorithishwa. Mengi aliyojulikana nayo yalikuwa ya kampuni ya Gibson, ya aina yenye mwili ulio wazi kwa ndani pembeni na gogo la mbao katikati, ambalo husaidia kuzuia gitaa lisipige mlio wa kuvuma linapokaribia amplifaya yenye sauti kubwa.

SWALI: Babu yangu husema alimsikia B.B. King Kinshasa. Je, ni kweli alifika, na je, alipiga kama katika albamu hiyo ya Regal? – Msomaji, Bukavu.

JIBU: Ni kweli alifika, na mpe babu shikamoo yangu. Ilikuwa Septemba 1974, katika tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia katika mazoezi, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. B.B. King, James Brown, Bill Withers na Miriam Makeba walipanda jukwaa lilelile na Franco pamoja na TPOK Jazz, na Tabu Ley Rochereau. Natamani sana kujua mafundi wa solo wa Kinshasa walisema nini walipomwona mtu anayeweza kusimama juu ya noti moja kwa muda huo wote.

Hata hivyo, mtu asitafute Regal ndani ya Kinshasa. Kufikia mwaka 1974 King alikuwa nyota wa dunia, na wimbo uliombeba, The Thrill Is Gone, ulikuwa haujazaliwa mikononi mwake mwaka 1964. Kinshasa alipiga katika uwanja wa michezo, mbele ya halaiki ambayo wengi wao hawakuelewa Kiingereza, na kwa hiyo gitaa lilibeba mzigo mkubwa kuliko maneno. Onyesho hilo lilirekodiwa na ni zuri kwa namna yake. Lakini pale Chicago mzaha wa watoto saba ulifika kabla hajamaliza kuutamka, na hilo haliwezekani mbele ya watu unaokutana nao kwa mara ya kwanza.

SWALI: Mimi ni kijana, nina gitaa la umeme la bei nafuu na amplifaya ndogo. Mwalimu wangu amenishauri nijifunze kwa albamu hii, lakini kila nikiiga noti za B.B. King zinatoka zimekauka. Nakosea wapi? – Msomaji, Arusha.

JIBU: Mwalimu wako amekupa shauri jema, wala bei ya gitaa si tatizo. Nadhani unaiga noti bila kuiga pumzi. Chagua mstari mmoja tu wa Sweet Little Angel, uuimbe kwa mdomo, ukiwa na sauti nzuri au mbaya, kisha uyaimbe kwa mdomo vilevile majibu ya gitaa yanayoufuata, mpaka uweze kuyaimba yote ukiwa unatembea njiani bila gitaa. Ndipo ulishike gitaa. Utagundua kwamba unapoimba majibu yale unavuta pumzi mahali fulani. Mahali hapo mkono wako nao uache kupiga, hata kama kidole kinawasha.

Mtetemo wa mkono wa kushoto usiulazimishe kuwa wa haraka. Anza polepole, ukiusukuma uzi na kuurudisha kwa kipimo kile kile kila mara, na usikilize kama sauti inarudi mahali pake halisi au inabaki imepotoka kidogo, kwa sababu wengi hutikisa tu bila kusikiliza inakorudi. Ukivuta uzi ili sauti ipande, kwanza ipige noti unayoielekea mahali pake penyewe kwenye shingo ya gitaa ili sikio lijue mwisho wa safari, kisha uvute mpaka uifikie. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ziache kwa sasa. King mwenyewe alisema hakuwa hodari wa kodi.

Ukishaweza hayo, mwombe rafiki aimbe huku wewe ukimjibu kwa gitaa, naye awe na ruhusa ya kukunyooshea mkono kila unapomwingilia katikati ya mstari. Siku atakapomaliza wimbo mzima bila kuuinua mkono huo, rudi kwenye Worry, Worry, uanze na ufunguzi wake.